Adui Akinyoosha Mikono Juu, Unamfanyaje? Maswali ya Wasomaji

Kamwene wasomaji, na ugonile kwa wale wa Rungwe na Busokelo. Toleo lililopita tuligusia kidogo yale makaburi ya wanajeshi wa vita vya dunia pale Iringa mjini, maana watu wanapita hapo miaka nenda rudi na hawajui wamelala kina nani, basi maswali yakamwagika mpaka mhariri kaniambia we chagua tu. Nimechagua yanayohusu namna ya kumtendea adui vitani kwa sababu ndiko mengi yalikoelekea. Yaliyofanana nimeyaunganisha, majina nimeyaacha.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni dereva boda hapa Mafinga. Juzi kijiweni tumebishana mpaka mtu kasahau abiria wake. Jamaa yetu aliyepita JKT anasema vitani hakuna sheria, ukimkuta adui unamaliza, hizo sheria ni mambo ya wazungu kwenye makaratasi. Mwingine anasema zipo na ukizivunja unashtakiwa. Tumewekeana kreti ya soda, tunaomba utuamulie.

JIBU: Marahaba kijana. Kreti anakunywa huyo wa pili, ila msimcheke sana wa kwanza, maana anachosema wengi wanakiamini na vita vingi vimepiganwa hivyohivyo anavyosema yeye.

Sheria zipo na nchi yetu imo. Kubwa ni Mikataba ya Geneva ya 1949, iko minne, wa kwanza unahusu majeruhi na wagonjwa wa nchi kavu, wa pili wa baharini, wa tatu mateka, wa nne raia, na Tanganyika ilijiunga nayo 1962, uhuru wenyewe bado wa moto. 1977 zikaongezwa itifaki mbili. Ukisema uisome yote utalala kwenye kurasa za mwanzo, lakini kiini chake mtu yeyote wa kijiweni anakielewa: anayekupiga unaruhusiwa kumpiga, ila akishaanguka kajeruhiwa, au katupa silaha, au kanyoosha mikono, huyo siyo wa kupigwa tena, ni mtu uliyenaye mkononi na unawajibika naye, maji, chakula, dawa, na huruhusiwi kumtesa ili atoe siri. Mateka anatakiwa kutaja jina lake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, zaidi ya hapo akinyamaza ni haki yake. Na kamanda anayetangaza kwamba leo hatuchukui mateka, wote ni kuua, kwa kusema hivyo tu tayari kavunja sheria hata kama risasi haijalia.

Sasa hilo la "mambo ya wazungu". Ni kweli mikataba hii ilianzia na Mswisi mmoja, Henry Dunant, mfanyabiashara, aliyekuwa anahangaikia biashara zake akajikuta karibu na Solferino kule Italia tarehe 24 Juni 1859, siku majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipopigana na ya Austria, jioni uwanja mzima umejaa watu wanalia maji na hakuna wa kuwatazama. Wanawake wa mji wa jirani, Castiglione, wakaanza kuwahudumia bila kuuliza huyu wa upande gani, wakawa wanasema wote ni ndugu. Yeye akaenda kuandika na kusumbua wakubwa mpaka mwaka 1863 kikaanza kile tunachokiita leo Msalaba Mwekundu. Lakini wazo lenyewe ni la zamani mno. Khalifa Abubakar katika karne ya saba alipokuwa anaaga jeshi lake linaloenda Shamu aliwakataza wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate miti ya matunda, na watawa waliojifungia kwenye nyumba zao za ibada wawaache na ibada yao. Hapo Uswisi wenyewe haujazaliwa.

Na msichanganye, kumdanganya adui vitani inaruhusiwa. Nendeni mbali kidogo tu na Iringa mjini pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walijificha vichakani wakamsubiri kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, na msafara wake mrefu wa askari, wakawavamia wakiwa njiani, wengi wakaisha hapohapo pamoja na yeye mwenyewe. Ule ulikuwa mtego wa vita, kila jeshi duniani linafanya. Lakini ukipandisha kitambaa cheupe kwamba umejisalimisha halafu adui akisogea unafyatua, huo ni usaliti na umekatazwa kabisa, na sababu siyo upole, sababu ni kwamba kesho mwenzako akipandisha kitambaa chake kwa ukweli hataaminiwa na atauawa nacho mkononi.

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Niko Mwanjelwa. Kwenye grupu letu la kikoba kuna mdada kila wiki anatupia video za vita vya Kongo, mara askari wamekamatwa wamevuliwa mashati wanaulizwa maswali huku wanachekwa, mara maiti. Nikimwambia aache ananiambia hao ni waasi wanastahili. Je kuna ubaya wowote kisheria au ni mimi tu nina roho nyepesi?

JIBU: Huna roho nyepesi. Mkataba wa tatu wa Geneva, kifungu cha 13, unasema mateka alindwe dhidi ya ukatili, vitisho, matusi, na pia dhidi ya kugeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa na watu. Hiyo ya kutazamwa ilikuwemo hata kwenye mkataba wa mateka wa 1929, wakati hakuna simu wala grupu, walikuwa wanafikiria mateka kutembezwa mitaani watu wakiwatemea mate. Grupu la kikoba siyo jeshi kwahiyo hamtapelekwa Hague, lakini anayeshika kamera pale anajua video itasambaa, na inasambaa kwa vidole vyetu.

Halafu mkumbushe huyo mdada jambo moja. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma walikuwepo kule wanajeshi wa Afrika Kusini, wa Malawi na wa kwetu. Zilizunguka video za kila aina. Kuna mama hapa Mbeya mtoto wake alikuwa kule na alikuwa anafungua kila video kwa kutetemeka. Sasa aliyemkamata mtoto wa mwenzio na aliyemkamata mtoto wako wote wanatumia simu za namna moja. Mwambie afute, na asipoacha mwombe katibu wenu amtoe kwa muda, vikoba vina katiba bwana.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha historia sekondari hapa Iringa. Niliwapeleka wanafunzi Kalenga kwenye makumbusho, walipoona fuvu la Mkwawa mmoja akaniuliza "sasa mwalimu huyu si alikuwa ameshakufa, kwa nini wakamkata kichwa?" Nikajibu jibu la kitabuni lakini naona halikumtosha, wala mimi halikunitosha. Na je Mkwawa mwenyewe aliwatendeaje maadui zake?

JIBU: Mwanafunzi wako ana akili, mpe kalamu.

Tuanze na yaliyotokea. Wajerumani walibomoa ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, Mkwawa akaponyoka, akawasumbua porini karibu miaka minne. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi sajini mmoja wa Kijerumani aitwaye Merkl akamfikia, akamkuta ameshajipiga risasi mwenyewe ili asishikwe, na Merkl akaamuru kichwa kikatwe kipelekwe Iringa bomani. Mwili ukazikwa Mlambalasi bila kichwa, na fuvu baadaye likaenda Ujerumani.

Jibu la kitabuni ni kwamba walitaka ushahidi, na ni kweli, watu walikuwa hawaamini kwamba kafa, na zawadi nayo ina mambo yake. Ila ushahidi unatosha siku moja. Ukishaonyesha kichwa kwa wakubwa na kwa watu wake, kinachofuata ni nini? Kuzika. Wao hawakuzika, wakakisafirisha, kikaingia kwenye mkusanyiko wa mafuvu kama kitu cha kupima, maana enzi zile huko Ulaya kulikuwa na wasomi wanapima vichwa vya watu ili wathibitishe nani bora kuliko nani. Kwahiyo mwambie mwanafunzi wako walimkata kwa sababu walishamhesabu kuwa siyo mtu wa kuzikwa. Kumwogopa mtu miaka saba toka Lugalo, halafu akifa umgeuze kuwa bidhaa, mi hapo ndo naona aibu yenyewe ilipo, kuliko hata kwenye kumwaga damu, maana damu ni vita na wao pia walizika wa kwao.

Na tazama ajabu hii. Fuvu la mtu mmoja wa Uhehe liliingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia mpaka kwenye makumbusho ya Bremen 1953, mafuvu yako mengi, likachaguliwa kwa vipimo na kwa tundu la risasi, na tarehe 19 Juni 1954 likarudishwa Kalenga kwa mjukuu wake Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wetu wa Bunge. Wapo wanaobisha mpaka leo kama ni lenyewe. Sitaingia huko, na wewe usiwaingize watoto huko kabla hawajaelewa la kwanza.

Wakati huohuo pale Lugalo kandokando ya barabara kubwa ya Dar mnara wa Zelewski na watu wake upo. Umepita enzi za Mjerumani mwenyewe, Mwingereza, uhuru, Ujamaa, na Wahehe hawajaubomoa. Waliowashinda ndo wamewaachia mnara wao. Ukiwapeleka tena wanafunzi, wapitishe kwanza Lugalo ndipo waende Kalenga, wakae na hayo mawili, usiwaeleze kitu.

Kuhusu Mkwawa mwenyewe, mwalimu, tusimpake mafuta. Aliwapiga majirani zake vibaya. Wasangu na Wagogo wana stori za vita vile ambazo siyo tamu kama za kwetu hapa Iringa, na Merere wa Usangu hakuungana na Wajerumani kwa bahati mbaya, alikuwa na sababu zake. Mateka wa vita za enzi zile wapo walioingizwa ukoo, wakaoa na kuolewa, leo wajukuu zao ni Wahehe kamili, na wapo waliouzwa pwani. Vilevile Maji Maji, tunapoadhimisha Songea kila Februari tunakumbuka viongozi walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na ni haki, na njaa ambayo Wajerumani waliisababisha kwa makusudi kwa kuchoma maghala na mashamba, hiyo njaa ndo iliyoua wengi kabisa, makadirio ya vifo vyote yanaanzia watu 75,000 kwenda mpaka laki tatu. Lakini Agosti 1905 wapiganaji wetu walimuua Askofu Cassian Spiss akiwa safarini na mabruda wawili na masista wawili, na masista hao hawakuwa jeshi la mtu yeyote. Watoto waambiwe yote. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipokuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya familia, hakuna aliyesimama kumwambia "na nyie Spiss", na ilikuwa sawa wasimwambie, siku ile haikuwa ya mizani. Darasani ndo mahali pa mizani.

SWALI: Mzee habari. Mi nafanya kazi forodha Tunduma. Nimesoma kwenye mtandao kwamba vita ya kwanza ya dunia huku kwetu ilikuwa "vita ya mwisho ya kiungwana", eti Lettow, yule kamanda wa Wajerumani, na Waingereza waliheshimiana sana. Bibi yangu alikuwa anasimulia habari tofauti kabisa. Ukweli uko wapi?

JIBU: Kwa bibi yako. Ila na huo uungwana ulikuwepo, tatizo ni uliishia kwa nani.

Ulikuwepo kweli. Novemba 1914 Waingereza wakishapigwa Tanga, pande mbili zilisimamisha mapigano, ofisa wa Kiingereza akaingia mjini na bendera nyeupe na dawa za majeruhi, akakaribishwa vizuri tu. 1916 Jenerali Smuts, ambaye kazi yake ilikuwa kumsaka Lettow, alimwandikia huyohuyo Lettow barua ya kistaarabu kumjulisha kwamba Kaiser, mfalme wa Ujerumani, kamtunuku nishani kubwa, Pour le Mérite, na Lettow mwenyewe amekuja kuisimulia barua hiyo kwa fahari kama uthibitisho wa heshima iliyokuwepo kati yao. Na alipokuja kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, ndo Mbala ya leo, hapo ng'ambo yenu, Waingereza walimpokea kama mwanamichezo aliyemaliza mechi ngumu.

Sasa nani alibeba mzigo wa hiyo mechi? Wapagazi. Kila mzinga, kila sanduku la risasi, kila kitanda cha ofisa na chupa yake, kilikuwa kichwani kwa mtu aliyechukuliwa kijijini kwake, mara nyingi kwa kufungwa kamba. Majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasa yakaingia Iringa Agosti 1916, na kila yalikopita maghala yalibaki matupu, na Wajerumani waliporudi nyuma nao wakachukua kilichobaki. Ugogo ikaja njaa waliyoiita Mtunya, ng'ombe na nafaka vimebebwa na pande zote mbili. Upande wa Waingereza pekee makadirio ya wapagazi waliokufa yanakaribia 100,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, risasi iliwaua wachache. Hawa hata maadui hawakuwa! Walikuwa "wa kwetu" kwa kila jeshi lililowachukua, wakatendewa vibaya kuliko adui mwenye cheo.

Ndo maana mi heshima ya vita siipimi kwa barua za majenerali. Mkubwa kumpigia saluti mkubwa mwenzake ni rahisi, kesho wanaweza kukutana hotelini London, na wengine walikutana kweli. Angalia yule asiyeweza kukulipa chochote na ambaye hakuna atakayekuuliza habari zake, huyo alikula nini siku ile.

Na hili linarudi kwenye makaburi tuliyoandika toleo lililopita, maana wasomaji kadhaa wameuliza mbona majina ya Waafrika ni machache. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika laki tatu na nusu, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi. Na nyie nyumbani kwenu, kama mnakumbuka jina la baba wa bibi yako au mjomba wake aliyechukuliwa liandikeni mahali na kijiji alichotoka.

SWALI: Mimi ni mama wa Makambako. Mwanangu amechaguliwa jeshini. Namwombea, lakini usiku najiuliza, wakimfundisha kuua si atarudi hana utu?

JIBU: Mama pole kwa mawazo na hongera kwa kijana. Jeshi linalojiheshimu linafundisha kuua na linafundisha kuacha, hilo la pili ndo gumu zaidi. Msomee 2 Wafalme sura ya 6, jeshi zima la Washami limeingia mkononi mwa mfalme wa Israeli, mfalme anauliza niwapige niwapige, Elisha anamkatalia, anamwambia wape chakula na maji warudi kwa bwana wao. Wakaandaliwa karamu kubwa, na vikosi vile havikuja tena. Kama ana rafiki Mwislamu waulizane na ile aya ya Surat Al-Insan inayowasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka ilhali chakula chenyewe wanakitamani. Na wewe umfundishe mwenyewe kabla hajaondoka, amezoea kukusikiliza wewe kuliko sajini.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka huku Tukuyu. Babu yangu alipigana vita ya Kagera, hasimulii kitu, ukimuuliza anasema tulikwenda tukarudi. Juzi nilikuwa nasafisha chumba chake nikafungua lile sanduku la bati kwa ajili ya kuanika nguo, chini kabisa kuna bahasha ya kaki, ndani kuna kitambulisho cha jeshi la Uganda kimeliwa na kutu ya pini, na picha ndogo ya studio, mwanamke amekaa kwenye kiti na watoto wawili, wa kiume kavaa soksi moja imeshuka. Nyuma kuna maneno kwa kalamu siyo Kiswahili. Nimerudisha kama ilivyokuwa. Mwalimu je babu yangu aliiba? Alimuua huyo mtu? Nifanye nini, maana sasa nikimwamkia naona hiyo picha.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Ndaga kwa kuandika, na kwa kurudisha kama ilivyokuwa.

Kwanza sijui kilichotokea na wewe hujui, tusimhukumu mzee kwa bahasha. Ila nikuambie ninavyofikiri. Askari anayepora anachukua saa, viatu, redio, hela. Picha ya mke na watoto wa mtu haina bei popote, haiuziki Masaka wala Tukuyu. Mtu aliyeibeba kutoka Uganda mpaka Rungwe na kuitunza zaidi ya miaka arobaini chini ya nguo zake hakuichukua kwa tamaa. Pengine aliikuta kwa maiti akashindwa kuiacha kwenye matope, pengine alipewa na mtu anayekata roho, na pengine kweli alimpiga yeye, maana ilikuwa vita.

Na ile vita usisahau ilivyoanza, majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 yakaua raia, yakapora ng'ombe, wakalilipua daraja la Kyaka, na Mwalimu Nyerere tarehe 2 Novemba akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Vijana wa umri wa babu yako walipovuka walikuwa wameona maiti za watu wetu. Kwahiyo Mutukula, mji wa Uganda pale mpakani, Januari 1979, mambo yaliharibika, mji ulisawazishwa na raia wakauawa, na Nyerere habari zilipomfikia alichukia akatoa amri raia wasiguswe wala mali zao. Wazee wengi hawasimulii kwa sababu ya siku kama hizo, siyo kwa sababu wamesahau. Lakini vita hiyohiyo ina upande mwingine, jeshi letu lilipofika Kampala Aprili, barabara ya kuelekea Jinja iliachwa wazi kwa makusudi ili Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wapate pa kutokea. Kuna waliolalamika, mbona tunawaacha. Ila waliotoroka hawakupigana nyumba kwa nyumba, na hata kwa hesabu baridi za kijeshi kuna vijana wa Rungwe na Mafinga walirudi wazima kwa sababu ya ile barabara.

Sasa ufanye nini. Usiposti. Najua mkono unawasha, utasema niweke Facebook familia itamwona, lakini fikiria mtoto wa kwenye hiyo picha, sasa hivi ni mtu mzima wa miaka hamsini hivi, anajua baba kafa kwa kuona kitambulisho chake kinashirikishwa na watu wanaandika maoni chini yake. Na babu yako naye ataanza kuitwa majina na watu wasiomjua.

Anza na babu. Usimvizie na bahasha mkononi kama polisi. Subiri siku ametulia, mwamkie vizuri, mwambie babu nilipokuwa naanika nguo niliona picha ya yule mama na watoto, nikaona umeitunza vizuri. Halafu unyamaze. Akisema, sikiliza. Asiposema, rudi siku nyingine, au mwombe mzee mwenzake aliyepigana naye aje wakae wawili, huwa wanaongea wakiwa wenyewe. Akikataa kabisa mpaka mwisho, bahasha ni yake, utakuja kushughulika nayo baadaye.

Akikubali, kuna njia rasmi na wala siyo aibu. Mkataba wa kwanza wa Geneva, ule wa majeruhi, unasema vitu vya adui aliyekufa, barua zake, hela zake, na chochote chenye thamani hata ya kumbukumbu tu, virudishwe kwa ndugu zake kupitia ofisi maalumu. Kwahiyo babu akikabidhi anatimiza kitu ambacho kingetakiwa kufanyika 1979, hajikabidhi yeye. Msalaba Mwekundu wana kitengo kinachounganisha na kutafuta familia zilizopotezana kwa vita, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kina ofisi mikoani, nendeni ya Mbeya, waombeni wawasiliane na wenzao wa Uganda. Kabla ya kwenda piga picha pande zote mbili za vitu vyote kwa kumbukumbu yenu, ile pini yenye kutu usiilazimishe itoke, karatasi itachanika, na usiitie nailoni ya kubana, weka kwenye bahasha mpya kavu. Maneno ya nyuma msimpe mtu yeyote wa mtaani ayatafsiri, waachieni wao.

Muulize pia babu kama anataka kuandika mistari miwili iende pamoja nayo, hata ikiwa ni mahali tu alipoipata, kijiji au barabara, maana familia nyingi za upande ule hazijui watu wao walilala wapi. Sisi wa kwetu waliokufa tunajua wako Kaboya kule Muleba, tunaweza kwenda.

Mkipata jibu niandikie, ila jina lililo kwenye kitambulisho usinitumie, hatutalichapa. Wengine wenye vitu kama hivi majumbani, na naamini mpo, utaratibu ni huohuo. Toleo lijalo narudi kwenye maswali ya mipaka ya mashamba na mirathi ambayo yamelala mezani toka masika.